Tairi nunua la majani, theluji inunulie mnyororo

Simu huwa zinaanza mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano majani yakishafika magotini, na mwezi wa kumi na moja theluji ya kwanza ikishaanguka. Swali halibadiliki. "Kaka, nina ile mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia, nataka matairi yanifae joto na baridi. Ninunue gani?" Najibu kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, dakika kumi na tano, chakula kinapoa mezani. Safari hii nimeona niandike, ili atakayeuliza tena nimtumie hiki nile chakula changu kikiwa cha moto.

Tairi linunue kwa ajili ya majani. Theluji inunulie mnyororo na uzito. Anayekimbilia tairi la meno makubwa kama la trekta la shamba kwa kuogopa theluji atachimbua majani yake miezi sita, na bado siku ya barafu atateleza. Nayasema haya kwa sababu niliyafanya, kwa hela yangu mwenyewe, na sikuwa mgeni wa matairi.

Nimekulia Korogwe, kwenye banda la pancha la mjomba, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Tairi la Fuso nimelifungua kwa nyundo na vyuma viwili kabla sijaota ndevu. Kwa hiyo tuliponunua nyumba hapa Brooklyn Park, Minnesota, na mzee jirani aliyekuwa anahamia kwa binti yake Arizona akaniuzia trekta lake dogo la majani pamoja na bamba la kusukumia theluji, nilijiona fundi tayari. Kumbe tairi linalobeba tani za saruji kwa upepo wa PSI 100 (ndicho kipimo cha upepo wa tairi) na tairi linalotembea juu ya majani kwa upepo wa 10 hata undugu hayana.

Kwa asiyepajua huku: theluji inayoanguka Minneapolis na miji inayoizunguka kwa msimu mmoja ni wastani wa inchi hamsini na kitu, yaani kama mita moja na robo ukiilimbikiza yote. Msimu wa 2022 kuingia 2023 ilipita inchi 90. Majani nayo yanakatwa kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nne hadi wa kumi. Mwaka mzima mashine inafanya kazi, inabadilisha vazi tu. Na theluji haikusubiri ukipenda: Minneapolis mjini, mwenye nyumba anapewa saa 24 tangu theluji ikome awe ameshasafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya kwake.

Soma ubavu wa tairi kwanza

Chukua kitambaa kibichi, futa vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma. Utaona namba kama 20x8.00-8. Ya kwanza ni kimo cha tairi lote kwa inchi, ya pili ni upana wake, ya mwisho ni kipenyo cha rimu. Matrekta mengi madogo yenye visu vya inchi 42 yana 20x8.00-8 nyuma na 15x6.00-6 mbele. Makubwa kidogo utakuta 23x9.50-12 au 23x10.50-12 nyuma. Andika zote, za mbele na za nyuma, upige na picha. Usimtajie muuzaji jina la mashine ukategemea akufikirie. Mimi nilimtajia. Nikaletewa matairi ya rimu 12 na mimi rimu zangu ni 8, na kuyarudisha ilikuwa kwa nauli yangu.

Namba ya mwisho haina mjadala. Rimu ya 8 inaingia tairi la 8, basi. Mjadala uko kwenye zile mbili za mwanzo, na ndiko watu wanakojiponza. Mtu anaona 22 inaingia kwenye rimu yake, anasema nipande juu kidogo, trekta lipendeze. Tairi la 22 badala ya 20 ni ongezeko la asilimia 10 la kimo. Trekta litakimbia zaidi kwa asilimia hiyo hiyo na nguvu ya kupanda mlima itapungua. Pia ukiinua nyuma bila kuinua mbele, visu vinainama. Ile deki, bakuli la chuma linalofunika visu, inatakiwa upande wa mbele uwe chini kuliko wa nyuma kwa milimita 3 hadi 6 tu. Ukizidisha, majani yanakatwa ngazi ngazi kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Upana nao una mipaka. Tairi pana linaweza kuanza kusugua madigadi au deki, hasa ukikata kona, na mnyororo ukija juu yake nafasi inakwisha kabisa. Kabla hujaagiza la upana wa 10 badala ya 8, ingiza mkono kati ya tairi lililopo na kila chuma kilicho jirani. Rimu nayo ina upana wake, na tairi pana kwenye rimu nyembamba linafura katikati kama andazi, linakanyaga kwa tumbo tu.

Utaona pia 2PR au 4PR. Hizo ni daraja za uwezo wa kubeba. Kama utafunga minyororo na kuongeza uzito, chukua 4PR, ubavu wake ni mgumu zaidi na unavumilia. Na matairi mawili ya nyuma yabadilishwe pamoja. Jipya kulia na kipara kushoto maana yake vimo viwili tofauti, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, inafanya kazi hata ukienda moja kwa moja, na majani yanakatwa upande upande.

Majani yana haki yake

Kuna aina mbili za kashata, yaani zile nundu za mpira usoni mwa tairi, unazotakiwa kuzijua, nyingine zote ni watoto wao. Ya kwanza ni ile ambayo dukani wanaiita "turf". Kashata zake ni ndogo ndogo, nyingi, fupi, zimepangwa kwa karibu, na mabega ya tairi ni ya mviringo. Carlisle Turf Saver ni mfano ambao utaukuta karibu kila duka. Kazi yake ni kutawanya uzito ili majani yalale chini kidogo halafu yainuke. Ya pili ni ya shamba, wanaiita "lug" au "ag": mabamba marefu ya mpira yaliyopangwa mshazari kama V, na nafasi kubwa katikati ili tope litoke.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua hizo za shamba. Zilinivutia, nakiri. Trekta likawa na sura ya kikazi, jirani mmoja akanipungia mkono kwa heshima. Mwezi wa sita, siku moja baada ya mvua, nikaingia kukata. Mstari wa kwanza haukuwa na tatizo. Nikafika kwenye uzio, nikageuza. Tairi la ndani kwenye kona halisafiri mbali, linajizungusha karibu palepale, na yale mabamba yanashika majani na mizizi yake yanaviringisha kama chapati. Nikageuza tena upande wa pili. Nilipomaliza, kila mwisho wa mstari kulikuwa na nusu duara ya udongo mweusi. Mama watoto akatoka na kikombe cha chai, akasimama barazani, akaangalia kwa muda, akauliza, "Baba, umekata au umelima?"

Majani yanayopandwa huku kwa wingi ni yale wanayoyaita Kentucky bluegrass. Yanatambaa kwa mizizi ya chini na hujiponya yenyewe, ila si kwa kuchimbuliwa kila wiki. Nusu duara zile zilikaa mpaka mwezi wa tisa nilipomwaga mbegu upya.

Sasa usinielewe kwamba tairi la shamba ni baya. Wenzetu walionunua ekari zao nje ya mji, wanaolima mchicha na mnavu, wanaovuta tela la mbolea kwenye tope la mwezi wa nne, hao tairi la shamba ndilo lao. Pia kama njia yako ya gari ni ya kokoto au udongo na theluji yako ni laini na nene, mabamba yale yanachimba vizuri. Ukiyafunga, angalia mshale ulioko ubavuni. Ukisimama nyuma ya trekta, V zionekane kama paa la nyumba, ncha juu. Ukiona zimekaa kama bakuli, umebadilisha kulia na kushoto, na yatavuta vizuri ukirudi nyuma tu.

Katikati kuna matairi ya kashata za vitalu, marefu kuliko ya majani, mafupi kuliko ya shamba. Mtu mwenye uwanja mkavu na kona chache anaweza kuyatumia mwaka mzima. Mimi sijayapenda. Ya mbele yawe na mistari inayozunguka tairi au yawe ya majani ya kawaida, usihangaike nayo.

Barafu haijali meno

Hapa ndipo fikra ya kwetu inatudanganya. Tumezoea tope, na kwenye tope meno makubwa ndiyo ushindi. Basi lililokwama Handeni masika unajua linataka nini. Lakini theluji iliyokanyagwa na magari ikagandamana, au ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, haina pa kuingiza jino. Ni sakafu. Pale kinachoshika ni kingo nyingi ndogo na mpira laini, na tairi la shamba halina hata kimoja. Mabamba yake ni machache, na baridi ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri mpira unakuwa kama kipande cha sabuni ya mche. Tairi la majani lina kingo nyingi kidogo, ila nalo mpira wake haukutengenezwa kwa baridi.

Nilipanda njia yangu ya gari, ambayo ina mteremko si mkali kuelekea barabarani, na yale matairi yangu ya shamba, bamba la theluji liko mbele. Nikakanyaga breki nigeuze. Breki za matrekta haya ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu, na nyuma kulikuwa kwepesi. Trekta likaanza kushuka lenyewe, polepole, kwa adabu, mimi nimekaa juu nimeshika usukani kama bwana harusi garini. Likaenda hadi kwenye pipa la taka la bluu, likalilaza chini, likasimama. Hakuna aliyeumia isipokuwa pipa.

Tangu siku hiyo nikanunua minyororo, nikarudisha matairi ya majani. Yale ya shamba nilimuuzia jamaa wa ekari, na sasa yako kazini kwao.

Minyororo ya matairi madogo inauzwa kwa namba ileile ya ubavuni, 20x8.00-8 unatafuta iliyoandikwa hivyo. Cha kuangalia zaidi ni nafasi kati ya vipande vinavyokatiza uso wa tairi. Ipo ambayo vipande vinakuja kila baada ya pete mbili za mnyororo wa pembeni, na ipo ya kila baada ya pete nne. Ya nne ni ya bei nafuu, na utajuta. Kwenye njia ya lami tairi linapanda kipande, linashuka, linapanda kingine, unakaa juu ya trekta meno yanagongana. Tena kuna muda tairi limegusa chini kwa mpira mtupu katikati ya vipande viwili, na hapo ndipo linateleza. Ya pete mbili inakuwa na chuma chini karibu muda wote. Ya kwangu ilinigharimu dola 70 na sijaibadilisha. Na hili ndilo jambo lingine la kulipendea tairi la majani: mnyororo unalala juu yake sawasawa. Kwenye tairi la shamba vipande huzama katikati ya mabamba, umenunua chuma kikajificha.

Kuifunga fanya ndani, kabla theluji haijaja, mikono ikiwa bado na hisia. Tandika mnyororo sakafuni uhakikishe haukujisokota. Tazama vile vikulabu vinavyoshika vipande vya katikati kwenye mnyororo wa pembeni: midomo yake iliyokunjwa iangalie nje. Ukiugeuza, midomo itasaga ubavu wa tairi msimu mzima, na utakuja kuliona pancha mwezi wa pili, siku yenye baridi kuliko zote. Utandaze juu ya tairi, ugawane sawa ndani na nje, sogeza trekta nusu mzunguko ncha zije mahali unapozifikia. Funga upande wa ndani kwanza, kwa sababu ndio mgumu, kisha wa nje. Punguza upepo kidogo, kaza pete moja au mbili zaidi, halafu rudisha upepo wake. Tairi likifura linajikaza ndani ya mnyororo. Juu yake weka ule mpira wa kuvutia wenye kulabu, unaouzwa pembeni. Halafu endesha dakika tano, shuka, kaza tena. Daima utapata pete moja ya ziada.

Pima nafasi kabla ya kuwasha. Mimi natumia vidole viwili: kati ya mnyororo na madigadi, na kati ya mnyororo na chochote kilicho ndani, vidole viwili vipite pote huku nikizungusha tairi. Mnyororo ukilegea unapiga, na unachopiga ni madigadi ya plastiki, au waya, au paipu ya mafuta.

Pande zote mbili zifungwe. Usifikiri kuokoa hela kwa kufunga moja. Difu ya matrekta haya hupeleka nguvu kwa gurudumu linalopata urahisi, kwa hiyo lisilo na mnyororo litazunguka bure na lenye mnyororo litakaa linatazama.

Mnyororo wa chuma unakwaruza zege na lami, hilo ni kweli. Ukienda taratibu usizungushe matairi palepale, alama ni ndogo. Kama njia yako ni ya matofali ya kupambwa na roho inakuuma, kuna minyororo ya mpira, inashika kidogo kuliko chuma. Ndani ya banda la gari mimi nimetandika zulia kuukuu.

Uzito

Mnyororo juu ya gurudumu jepesi ni mapambo. Bamba la mbele linapokutana na ule ukuta wa theluji ambao greda la mji linauacha mdomoni mwa njia yako, trekta linahitaji kitu nyuma cha kulikandamiza. Madukani huku msimu wa baridi wanauza mifuko mirefu ya mchanga ya pauni 60, kama kilo 27. Nimefunga sanduku la mbao nyuma ya kiti, limebeba mifuko miwili, linatosha. Kuna pia vyuma vya duara vya kufunga kwenye rimu zenyewe, navyo ni bora zaidi kwa sababu uzito unakaa kwenye gurudumu bila kulemea ekseli. Na wewe mwenyewe uliyekaa juu ni uzito, usijidharau.

Angalia kitabu cha mashine kinaruhusu kiasi gani. Giaboksi za matrekta madogo zilitengenezwa kwa kukata majani. Tairi likiteleza, hilo ni kama fyuzi, linaiokoa giaboksi. Ukiweka mnyororo mkali na kilo mia nyuma, fyuzi hiyo umeiondoa, kwa hiyo usikimbilie ukuta wa theluji kwa kasi kama unabomoa kibanda. Sukuma kidogo kidogo, tena na tena, na usukumie kwako. Kusukumia theluji barabarani sheria ya jimbo inakataza.

Wapo wanaojaza maji ndani ya matairi. Maji matupu hayafai huku, yataganda. Zamani walichanganya na kalsiamu kloraidi, ambayo inakula rimu na ikivuja inaua majani. Sasa wakulima wengi wanatumia maji ya kiazi sukari, zao ambalo Minnesota inaongoza Marekani nzima, na hayagandi kirahisi wala hayali chuma. Mengine ni ile dawa ya bluu ya kuoshea kioo cha gari, lakini ina methanoli, sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Mimi sijazi chochote. Uzito ulio ndani ya tairi huwezi kuushusha mwezi wa nne, utautembeza juu ya majani kiangazi kizima udongo ushindiliwe kama uwanja wa shule. Mfuko wa mchanga naunyanyua, naweka kando.

Upepo

Kitabu cha mashine yangu kinasema 10 nyuma na 14 mbele, na nyingi ziko humo humo. Sasa zingatia. Ukijaza 10 siku ya joto la nyuzi 27, baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, tairi lile lile bila kuvuja hata pumzi moja litakuwa na 6 na kidogo. Hewa imesinyaa tu. Tairi la 6 na mnyororo juu yake, unakata kona, mdomo wa tairi unaachia rimu, na upepo wote unatoka kwa mpigo. Mimi lilinikuta saa kumi na moja alfajiri, bado saa moja niingie kazini.

Nunua geji ya upepo mdogo, inayoishia 20 au 30. Geji ya gari inayopanda hadi 100 ikifika 10 inabahatisha. Pima tairi likiwa limeshakaa baridini, sio lililolala ndani kwenye joto.

Mdomo ukiachia, usiutafute moto. Mjomba alikuwa anamwaga petroli kidogo ndani ya tairi la lori, anarusha njiti ya kiberiti, tairi linakaa kwa kishindo na wateja wanapiga makofi. Nilishuhudia pia siku nyusi zake zilipoondoka. Wewe uko ndani ya banda la mbao lenye galoni za mafuta, acha. Inua trekta kwa jeki, safisha mdomo wa tairi na rimu, paka maji ya sabuni. Zungushia mkanda wa kufungia mizigo, ule wa kukaza kwa mkono, katikati ya uso wa tairi, ukaze mpaka midomo ifunguke kuelekea kwenye rimu. Ingiza upepo kwa kompresa, ukianza kushika legeza mkanda, endelea hadi usikie mlio wa kwanza na wa pili. Kiwango cha juu cha kukalisha mdomo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikipite, na uso wako usiwe mbele yake. Halafu shusha hadi 10. Likiwa linaachia kila mara kwa sababu rimu ina kutu, weka tyubu ndani, umemaliza.

Kuvua na kuvisha

Ukipata rimu mbili kuukuu za nyuma, nunua. Mimi nina pea mbili: moja ya kukatia, moja ambayo minyororo haivuliwi kabisa. Kubadilisha ni dakika ishirini. Kwenye matrekta mengi gurudumu la nyuma halina nati. Unatoa kofia ya plastiki katikati, unakuta kilipu kinachobana ncha ya ekseli na washa, ile pete bapa ya chuma, nyuma yake. Kitoe kwa bisibisi huku mkono mwingine umekiziba, kinaruka. Vuta gurudumu, na hapo ukae macho: kuna kipande cha chuma chembamba, mraba, urefu kama wa kidole kidogo, kimelala kwenye mfereji wa ekseli. Ndicho kii kinachofanya gurudumu lizunguke. Kinadondoka kimya, kinabiringika chini ya kabati. Bila hicho trekta litawaka, giaboksi itaunguruma, na hutasogea hata hatua. Mimi nakiweka mdomoni mwa kikombe cha chai kisichotumika, pamoja na kilipu. Kabla ya kurudisha, paka ekseli grisi ya kuzuia kugandana, maana usipopaka, chumvi ya barabarani itaunganisha rimu na ekseli, na mwakani utavua kwa nyundo.

Mwezi wa nne ukitoa minyororo ioshe chumvi kwa maji, iache ikauke juani, ipake mafuta kuukuu, itundike. Ya kulia nimeipaka doa jekundu, ya kushoto jeupe. Kisha weka trekta juu ya sakafu iliyo sawa, upepo uwe sahihi pande zote, ndipo upime kimo cha deki mbele na nyuma kwa rula kabla ya kukata. Mtu anaweza kuhangaika na boliti za deki asubuhi nzima, kumbe tairi la kushoto lina 7.